Jogoo wa Mbuyuni, trauti wa mlimani: namna ya kufunga nzi bandia wa kuelea

Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani kuhesabiwa, kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, kinanukia nyama. Wenzangu wanasubiri mbege na ndafu. Mimi nasubiri shingo za majogoo. Nimeshazoea kuchekwa. Mara ya kwanza nilipochuchumaa pale soko la Mbuyuni, Moshi, nikamshika jogoo mwekundu na kuanza kupekua shingo yake unyoya mmoja mmoja, mama muuzaji alinitazama mpaka uvumilivu ukamwishia.

"We mangi, unanunua kuku au unanunua manyoya?"

Nikamwambia, vyote viwili mama. Akapandisha bei.

Manyoya hayo ndiyo roho ya kazi hii. Tunafunga nzi bandia wa kuelea: chambo kidogo cha manyoya na uzi kinachokaa juu ya maji na kumdanganya samaki aitwaye trauti kwamba mdudu wa kweli ametua. Mwongozo huu ni wa mtu wa Moshi au Arusha anayeanza sifuri, na hana haja ya kuagiza kila kitu Ulaya. Ndoano utazinunua, hilo halina ujanja. Vingine karibu vyote viko sokoni.

Trauti mwenyewe ni mgeni. Wazungu walimleta Afrika Mashariki enzi za ukoloni, wakampandikiza kwenye mito ya baridi ya milimani. Kwa jirani zetu Kenya, trauti wa kahawia waliingizwa mwaka 1905 kutoka Scotland. Anataka maji baridi yenye hewa nyingi, na joto la maji likipita nyuzi 20 anaanza kutaabika. Kwa hiyo usimtafute tambarare za mashamba ya miwa ya TPC. Ni samaki wa juu, kule unakoamka asubuhi na sweta.

Geuza jiwe kwanza

Kabla hujashika uzi, mfahamu unayemwiga. Panda hadi kwenye kijito kisafi, au hata mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, unaopita migombani ikiwa maji yake hayakauki, uinue jiwe la ukubwa wa mkate. Lipindue. Utaona vidudu bapa vikikimbia upande wa kivuli, vina mikia mitatu, vingine miwili, na ubavuni mwa tumbo vina vijani vyembamba vinavyopepea. Hivyo vijani ni mashavu yao ya kupumulia. Huyo ndiye, akiwa bado mtoto.

Kiswahili cha mtaani hakijampa jina linalojulikana na wote, nami humwita mdudu wa siku moja kwa sababu ndiyo maisha yake. Hukaa majini kwa wiki au miezi, kisha hupanda juu, huchanika mgongo na kutoka na mabawa. Mabawa ya mwanzo ni ya kijivu, kama yamepakwa ukungu. Baadaye hujivua tena ngozi nzima, mabawa na yote, akatoka mwenye mabawa maangavu kama kioo. Hakuna kundi jingine la wadudu linalojivua ngozi likiwa tayari lina mabawa ya kurukia. Akishafika hapo hali chochote, hana mdomo wa kulia. Anapanda, anataga, anakufa, wengi ndani ya saa au siku chache.

Ukitaka kumwona mkubwa, acha taa ya baraza ikiwaka jioni kama unaishi karibu na mto. Atakuja kutua ukutani. Utamjua kwa mabawa: ameyasimamisha juu ya mgongo kama tanga la jahazi, na mwili umepinda kidogo kwenda juu, mikia ikichomoza nyuma. Chukua picha kwa simu, karibu kabisa. Mimi picha hiyo huiweka mbele yangu mezani kila ninapofunga.

Ulaya wavuvi wana kalenda ya wadudu hawa, huyu wa mwezi huu, yule wa mwezi ule, maana baridi huwafungia na joto huwafungulia. Huku kwetu hakuna theluji mtoni, wanatoka mwaka mzima kidogo kidogo. Hiyo inatupunguzia kazi. Hatuhitaji sanduku la aina arobaini. Nzi mmoja wa kijivu aliyefungwa vizuri kwa saizi mbili atakufikisha mbali.

Tazama kutoka chini

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu anafunga nzi, anamgeuzageuza kiganjani, anamwona mzuri. Lakini samaki hakai kiganjani. Trauti akitazama juu haoni anga lote. Anaona duara la mwanga juu ya kichwa chake, pembe ya nyuzi kama 97, na nje ya duara hilo uso wa maji ni kioo kinachoakisi sakafu ya mto. Mdudu akiletwa na maji, samaki huona kwanza vishimo vidogo vya miguu vikimetameta kwenye kioo hicho. Kisha huona ncha ya bawa. Mwili anauona mwishoni.

Kwa hiyo tunafunga vitu vitatu tu: miguu, bawa, na mwili mwembamba. Macho, mistari ya tumbo, kucha, hayo ni mapambo ya kumpendezesha mnunuzi.

Mfano tunaoufuata umetokana na nzi bandia aitwaye Adams, aliyefungwa mara ya kwanza mwaka 1922 na Leonard Halladay huko Michigan, Marekani. Nzi huyo haigi mdudu mmoja maalumu. Anafanana na wengi kidogo kidogo, na nadhani ndiyo sababu bado anatumika popote penye trauti. Sisi tutamfunga kwa mtindo wa mwavuli, yaani unyoya unazungushwa mlalo kwenye kinguzo, ambacho ni bawa lililosimamishwa, badala ya kuzungushwa wima kwenye ndoano. Akifungwa hivyo, tumbo linalala kwenye uso wa maji kama la mdudu halisi, na kinguzo cheupe unakiona ukiwa mbali.

Vifaa

Jiliwa ndogo ya kushikia ndoano ndiyo kubwa kuliko vyote. Kama huna, plaizi ya kujifunga yenyewe, ile ya mafundi magari, iliyobanwa kwenye ukingo wa meza inatosha kuanzia. Mimi nilianza nayo na nikaitumia muda mrefu. Mkasi mdogo wenye ncha kali, usiukatie karatasi. Kibanio kidogo cha kushikia ncha ya unyoya, hata cha nguo kikichongwa mdomo. Sindano. Mrija wa wino wa kalamu iliyoisha, uliosafishwa, utatufungia mafundo. Nta ya nyuki, kipande cha ukubwa wa harage. Rangi ya kucha isiyo na rangi.

Ndoano nunua namba 14 na 16 za waya mwembamba, zilizotengenezwa kwa nzi wa kuelea. Kumbuka namba zinakwenda kinyume: 16 ni ndogo kuliko 14. Anza na 14, vidole vizoee.

Uzi wa cherehani wa kawaida ni mnene mno, utajaza ndoano kabla hujafika popote. Ukipata uzi maalumu ulioandikwa 8/0, chukua. Usipopata, waulize mafundi nguo uzi mwembamba kabisa wa ovaloki, wa kijivu au mweusi.

Kwa bawa, tafuta kamba nyeupe ya plastiki ya kufungia mizigo. Nyingi ni za polipropilini, ambayo ni nyepesi kuliko maji, wakati nailoni inazama. Hakuna haja ya kubishana na muuza duka. Kata kipande, kitumbukize kwenye glasi ya maji, kikandamize kwa kidole kitoe mapovu. Kikirudi juu, ndicho. Kifumue, ukichane kwa sindano mpaka kiwe laini kama nywele.

Kwa mwili, manyoya laini ya ndani ya sungura wa kijivu ni mazuri. Anayefuga sungura hatakunyima kiganja kimoja. Ama nenda mitumba ya Kiboriloni utafute sweta ya akriliki ya kijivu, kata nyuzi vipande vya sentimita moja, uvichambue kwa vidole. Pamba na sufu ya kondoo ziache. Nzi wangu wa kwanza nilimvalisha pamba na manyoya ya tetea. Alipotua majini alikaa kwa muda wa kusema bismillahi, akazama.

Shingo ya jogoo

Usiruke sehemu hii, maana hapa ndipo nzi anapoelea au anapozama.

Unyoya unaotakiwa ni wa shingo ya jogoo mzee, aliyepita mwaka na ikiwezekana mgomvi. Wa broila hafai, anachinjwa akiwa mtoto. Wa tetea haufai pia, ni laini na unanyonya maji. Jogoo wa kienyeji mwekundu anatoa rangi ya kahawia tunayoitaka. Jogoo mwenye mistari ya kijivu na nyeupe, ambaye mara nyingi utampata kwa wafugaji wa chotara, anatoa ile ya madoa inayofanya miguu ionekane kama inachezacheza. Adams wa asili huchanganya zote mbili. Kwenye mwavuli unyoya mmoja wa madoa unatosha.

Ng'oa unyoya mmoja, ushike kwa ncha zote mbili, uupinde kama upinde wa mshale. Nyuzi zitasimama. Zitazame kwenye mwanga. Karibu na shina la unyoya utaona sehemu iliyoshikana kama utando, nyeusinyeusi, laini: hiyo inanyonya maji. Unyoya mzuri una utando mdogo sana na nyuzi zinazong'aa, ngumu. Zigusishe kwenye mdomo wa juu. Zikichoma, chukua. Zikitekenya, mrudishie mama kuku wake.

Kisha urefu. Upinde unyoya kuzunguka ndoano na uangalie nyuzi zinafika wapi. Zinatakiwa kuwa kama mara moja na nusu ya nafasi iliyopo kati ya shina la ndoano na ncha yake. Ndefu zaidi ya hapo, nzi anasimama kama buibui. Shingo moja ya jogoo ina manyoya ya saizi nyingi: madogo karibu na kichwa, makubwa karibu na mabega. Kuku wetu hawajafugwa kwa kazi hii, kwa hiyo manyoya ya kutosha namba 16 ni machache. Ukiyaona, yatenge kama dhahabu.

Ukipata shingo nzima kwa wachinjaji, ichune ngozi na manyoya yake, ikwangue mafuta yote kwa kisu butu, ipake chumvi, uibane kwenye boksi ikiwa imetandazwa, ikauke kivulini. Baada ya wiki, ioshe kwa sabuni, ianike, kisha ifunge kwenye mfuko na kuiweka friza siku kadhaa ili chawa na mayai ya nondo yafe. Hatua ya friza inahitaji maelewano nyumbani.

Na tafadhali, kuku, bata na kanga wa kufugwa tu. Ndege wa porini waache. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haina utani.

Kufunga

Minya kwanza kile kijino cha nyuma ya ncha ya ndoano kwa plaizi. Ndoano ikivunjika, ivunjike sasa kabla hujaipa kazi ya dakika ishirini, na samaki mdogo utamwachia bila kumchana mdomo. Bana ndoano kwenye jiliwa kwa sehemu yake ya kupinda, shina likiwa mlalo kabisa.

Paka uzi nta. Anzia nyuma kidogo ya tundu la ndoano, ukiacha sehemu tupu ya unene wa tundu lenyewe. Sehemu hiyo tupu iheshimu mpaka mwisho. Kila anayeanza anaijaza, akifika kwenye kichwa hana pa kufungia fundo. Zungusha uzi ukikanyaga mkia wake mara tano, sita, kata mkia, endelea kurudi nyuma kwa mizunguko iliyolala ubavu kwa ubavu hadi theluthi ya shina.

Hapo lifunge bawa. Chukua nyuzi za kamba, unene wa njiti ya kiberiti zikibanwa, zilaze juu ya shina, zifunge kwa mizunguko minne ya nguvu. Inua pande zote mbili ziungane kuwa kinguzo kimoja kilichosimama, kisha zungusha uzi kwenye mguu wa kinguzo, kupanda na kushuka, mara kumi hivi. Kiguse kwa kidole. Kikilala, ongeza mizunguko. Kinatakiwa kusimama kama mlingoti, maana unyoya wote utakaa hapo.

Peleka uzi nyuma hadi shina linapoanza kupinda. Kabla ya mkia, zungusha uzi mara tatu mahali pamoja upate kinundu kidogo. Ng'oa nyuzi nane mpaka kumi ngumu kutoka ukingo wa shingo ya jogoo, linganisha ncha, zifunge ziwe na urefu sawa na shina. Kinundu kitazitawanya kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Mkia uliotawanyika unabeba nusu ya nzi. Uliobanana kama brashi unazama upande.

Rudi kwenye kinguzo. Chuna nyuzi za chini za unyoya wako wa madoa mpaka ubaki uti mtupu wa milimita chache, ufunge uti huo kwenye mguu wa kinguzo, unyoya ukiwa umesimama sambamba nacho, na uupange ili ukilazwa upande unaong'aa utazame juu. Uache hapo, shuka na uzi nyuma kwenye mkia.

Sasa mwili. Chukua manyoya ya sungura kidogo. Gawanya mara mbili, tupa nusu. Kilichobaki bado ni kingi, lakini twende. Kiweke juu ya uzi wenye nta na usokote kwa kidole gumba na cha shahada, kwa upande mmoja tu. Ukisokota mbele na nyuma unafumua ulichosokota. Upate kamba nyembamba yenye ncha, nene kidogo tu kuelekea mbele. Izungushe kutoka mkiani kwenda kwenye kinguzo, pita chini yake, malizia mbele, na ile sehemu tupu bado iwe tupu.

Bana ncha ya unyoya kwa kibanio, uuzungushe mlalo kwenye mguu wa kinguzo. Mzunguko wa kwanza uwe juu, kila unaofuata ukae chini ya uliotangulia. Minne au mitano inatosha. Ukiipandisha juu kwa juu, inateleza na kufumuka majini samaki wa kwanza tu akimgusa. Lete ncha mbele ya kinguzo, ikanyage kwa uzi mara tatu nyuma ya tundu huku vidole vya mkono mwingine vikivuta nyuzi za unyoya nyuma, zisinaswe. Kata ncha.

Fundo: zungusha uzi mara mbili kwenye mrija wa kalamu, gusisha mdomo wa mrija juu ya tundu la ndoano ulifunike, telezesha kitanzi kikae kichwani, vuta. Rudia mara tatu. Kata uzi. Tone moja la rangi ya kucha kwa ncha ya sindano, kisha pitisha uti wa unyoya ndani ya tundu ulizibue. Mimi niliwahi kusahau, nikafika mtoni na nzi sita wenye matundu yaliyozibwa kama mlango wa benki siku ya sikukuu. Nilishinda nikitazama samaki wakila.

Mwisho punguza kinguzo kwa mkasi kibaki na urefu wa shina.

Mjaribu

Jaza maji glasi pana isiyo na maua wala maandishi. Mpake nzi mafuta ya mgando, chembe kama kichwa cha kiberiti iliyoyeyushwa kwanza kati ya vidole, kwenye unyoya na mkia tu. Mdondoshe kutoka urefu wa shubiri, sasa inua glasi juu ya macho uangalie kutoka chini. Unataka kuona nyota ya vishimo kuzunguka kivuli chembamba, na mikia mitatu minne ikigusa uso. Ukiona doa nene jeusi, umevalisha mwili mwingi. Akilala ubavu, mkia haukutawanyika au unyoya umezidi upande mmoja. Mfumue. Ndoano haijaharibika.

Mtoni, uzi wa mwisho, ule unaofungwa nzi, uwe mwembamba, milimita 0.15 hivi. Mtupe juu ya samaki, maji yamlete yenyewe. Uzi ukimburuta akaacha mstari nyuma yake, samaki ameshajua. Akishakamatisha, nzi anatapakaa ute: msuuze, mkaushe kwa tishu, mpake tena. Vile vifuko vya punje vya kukaushia vilivyomo kwenye boksi za viatu usivitupe. Ukiviweka kwenye kichupa na nzi aliyelowa, anatoka mkavu.

Ruhusa ni muhimu kuliko ndoano. Ndani ya mipaka ya hifadhi usivue bila kibali, bwawa la mtu muulize mwenyewe, na kwa mito mingine anza kwa afisa uvuvi wa wilaya.

Ukishawafunga sita wanaofanana, wa namba 14, jaribu wa jioni, yule mwenye mabawa ya kioo aliyekwisha kutaga na kuanguka. Huyo ni rahisi zaidi: mkia uleule, mwili mwembamba wa kahawia, hakuna unyoya kabisa. Nyuzi za kamba unazilaza kushoto na kulia, zifungwe kwa uzi wa msalaba, zikatwe kila upande kwa urefu wa shina. Analala bapa majini kama aliyekata tamaa. Tatizo lake ni moja, humwoni giza likianza kuingia. Kadiria alipo, na ukiona duara dogo la maji likifunguka karibu na hapo, inua fimbo taratibu.